Babu wa Neno

Mwalimu mstaafu wa Kiingereza pale Nyabiyonza hawezi kutafuna buni bila kueleza jina la kahawa lilikotoka. Hutia mdomoni punje mbili zilizochemshwa na kukaushwa, zile wanazokaribishwa nazo wageni, hufuta vidole kwenye koti, kisha huvuta mstari mezani kwa ukucha: neno "coffee" Waingereza walilitwaa kwa Waholanzi, Waholanzi kwa Waturuki, Waturuki kwa Waarabu. Akifika kwa Waarabu hushusha sauti kama mtu anayeingia ukweni. "Huyo sasa ndiye babu yake," husema, na jirani yake Deodatha, aliyeyasikia hayo tangu darasa la tano, bado hupiga makofi.

Makofi yalipigwa pia kwenye mkutano wa kijiji, mzee alipopendekezwa aingie kamati ya shule. Ndipo Nestory, aliyefundishwa naye, aliposimama. "Shikamoo, mwalimu. Samahani lakini, babu zetu sisi wamelala humu humu migombani. Wa kwako kazikwa kwenye migomba ya kibanja gani?"

Watu wakainamisha vichwa. Deodatha akauona ukucha ule ukianza mstari kwenye goti la suruali, ukakwama katikati.

"Marahaba," mzee akaitikia, maana salamu haiachwi hivi hivi. Akatema buni kiganjani. "Neno lile lilihama kwao mara tatu, mkalipigia makofi. Baba yangu alivuka mto mmoja tu, huu wa Kagera hapo mpakani."