Folda Iliyohama Peke Yake

Bosi yule alidanganya mbele ya ofisi nzima na wala hakumeza mate. "Mimi sikugusa kompyuta ya huyu binti. Kakosea mwenyewe," alisema, ikawa basi. Ripoti ilisema kisima cha bondeni ni salama, kumbe maji machafu. Watoto wakaharisha, lawama akatwishwa binti mchambuzi wa takwimu. Mama wa binti hajamsamehe bosi huyo, na hata wakikutana peponi atahama upande.

Programu ya takwimu ni kama mtumishi mvivu. Ukimwambia "lete vipimo," haulizi vya mwaka gani, anaokota vilivyomo kwenye folda alimosimama. Na pale ofisini kila mwaka una folda yake, ila faili la ndani huitwa vipimo tu. Binti aliiacha programu kwenye folda ya mwaka ule, akatoka kidogo. Kurudi, imeshahamia ya mwaka wa nyuma, naye hakujua.

Tangu hapo akawa haishi kuiuliza iko folda gani. Inamjibu, anashusha pumzi, anauliza tena. Wenzake wakambatiza Wasiwasi. Usingizini anapapasa shuka kama anaandika.

"Mwanangu, hiyo mashine si mume, itatoroka iende wapi?"

"Mama, ikihama tena mtu atakufa."

Kisima kikasafishwa, miaka miwili ikapita. Baada ya mvua kubwa, kisima cha bondeni kikapimwa upya. Wageni wa afya wakaja kusubiri majibu. Binti akatoka kuwapokea. Anarudi nao, akabonyeza, skrini ikasema maji safi.

"Haya, tuma, usituchoshe!" bosi akahimiza.

Binti hakutuma kwanza. Akaiuliza programu. Folda ya mwaka jana.

"Wee Wasiwasi, hujapona tu?"

"Shikamoo nilishakupa asubuhi, mkuu. Sasa nijibu. Ulifungua nini hapa?"

"Si ripoti ya mwaka jana, niwaonyeshe wageni! Mbona huwa naifungua hapo kila ukitoka, miaka yote!"

Bosi akasikia mwenyewe alichosema. Mfagiaji akaacha kufagia.

Binti akairudisha programu kwenye folda ya mwaka huu. Vipimo vikaja vibaya, vibaya kabisa. Kisima kikafungwa mchana ule ule, na mkubwa wa wageni akamtuma bosi bondeni kwa miguu, akawaambie mama wa wale watoto walioharisha, safari ile aliyekosea alikuwa nani.