Mama Aliyeomba Kupunguziwa Matunzo

Watu wakisikia kesi ya matunzo ya mtoto, wanadhani wanajua nani ni nani: mama analia, baba amehepa. Kwetu haikuwa hivyo. Binti yetu aliishi na baba yake Ruiru, karibu na Kamakis, na mimi ndiye niliyeamriwa na mahakama kutuma pesa kila mwisho wa mwezi. Tulipoachana nilikuwa msimamizi katika kiwanda cha kufungasha matunda Thika, kazi ya zamu, kwa hiyo mtoto akakaa kwa baba ambako cucu yake, yaani mama ya baba, angemtazama. Baba alibeba chakula na nyumba. Mimi nilibeba karo, nguo na basi la shule, na kila Jumamosi mtoto alikuwa kwangu. Nililipa miaka mitatu bila kukosa, na sikuona aibu yoyote.

Kisha kiwanda kikafunga kitengo chetu. Tuliitwa kantini asubuhi, tukapewa barua, na kufikia saa sita tulikuwa nje ya geti. Nilihama nyumba yangu ya Kamenu, nikachukua chumba kimoja mtaa wa Landless, nikaanza kupikia mafundi wa mjengo chapati na maharagwe. Malipo niliyoachishwa nayo kazi niliyatumia kulipa karo mpaka yakaisha. Baada ya hapo nikawa natuma nusu, mwezi mwingine hata nusu haikufika.

Kaka yangu aliposikia nataka kurudi kortini, alikuja kunishauri.

"Dada, badilisha laini ya simu. Wanaume wanahepa kila siku na hakuna kitu wanafanyiwa."

"Mimi si hao wanaume."

"Sasa utaenda kortini kujishtaki?"

"Nitaenda kusema ukweli kabla mtu hajaenda kusema uongo juu yangu."

Alitikisa kichwa, akamaliza chapati yake, akaenda.

Kortini, karani hakuniangalia. "Mama, baba mtoto hatoi pesa?"

"Anatoa. Mimi ndiye nataka nipunguziwe."

Kalamu yake ilisimama. Mwanamke aliyekuwa nyuma yangu kwenye foleni akasema, "Haiya! Wewe ndio unalipa?"

Nikageuka. "Mtoto ni wangu pia. Kwa nini nisilipe?"

Karani akanieleza taratibu: amri ya zamani, barua ya kuachishwa kazi, hati ya kiapo, rekodi za pesa nilizotuma kwa simu. "Na usiache kutuma hicho kidogo," akasema. "Amri ya zamani bado inafanya kazi mpaka hakimu aibadilishe." Yule karani ndiye mtu wa kwanza aliyezungumza nami kama mtu mzima tangu nipoteze kazi.

Siku ya kusikizwa, baba mtoto alikuja na wakili. Mimi nilikuja na faili.

"Mheshimiwa," wakili akasema, "huyu mama ana nguvu zake na ana biashara. Kama kweli hawezi kulipa, tunaomba asimchukue mtoto Jumamosi mpaka atakapoweza."

Nikasimama bila kuitwa.

"Keti, mama," hakimu akasema. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpole wa sauti. "Zamu yako itafika."

Ilipofika, nilimpa daftari la unga, mafuta na makaa, aone kinachobaki jioni. Kisha nikasema yale niliyokuwa nimeyarudia peke yangu kwa wiki nzima.

"Mheshimiwa, sikuja kuomba niachwe. Naomba kiasi ninachoweza kulipa kila mwezi bila kudanganya mtu. Lakini Jumamosi zangu na mtoto sikuzinunua, na hakuna mtu wa kuniuzia."

Hakimu akamgeukia baba mtoto. "Tangu apoteze kazi, ametuma chochote?"

Alimtazama wakili wake, kisha akatazama chini. "Ametuma. Si zote, lakini ametuma."

Kwa hilo namshukuru mpaka leo.

Hakimu aliamua baba achukue karo, mimi nibaki na basi na nguo, na Jumamosi zisiguswe. Malimbikizo ya ile miezi ya nusu hakuyafuta, ingawa nilikuwa nimeomba kwenye hati yangu. Nilipe pole pole, na nikipata kazi nirudi kusema. Sikupata yote niliyotaka, lakini sikutoka na kichwa chini.

Nje, baba mtoto alinifuata. "Umefurahi sasa? Umenitwika mzigo wako."

"Huyo ni mtoto wetu, usimwite mzigo. Nikipata kazi nitarudi hapa kwa miguu yangu waniongezee."

"Tutaona."

"Utaona."

Jumamosi iliyofuata, binti yangu, ana miaka tisa, aliniuliza huku anakunja chapati, "Mum, ni kweli ulienda kortini ndio uache kunilipia?"

"Nani amesema?"

"Cucu."

"Nilienda kortini ndio nisiache. Nilipunguziwa, sikuacha. Cucu hakuwa huko. Mimi nilikuwa."

Jioni nilimrudisha mwenyewe hadi mlangoni Ruiru. Cucu alikuwa amekaa anachambua mboga. Nilimwamkia kwa heshima, kisha nikamwambia, "Mama, ukitaka kujua yaliyosemwa kortini, niulize mimi. Mtoto usimwambie."

Akaweka mboga chini, akanitazama. Nami sikuyaondoa macho.

"Chai iko," akasema.

Nikaingia, nikanywa.