Msumeno Uliokuwa Kengele Yangu

Karakana yetu ya useremala hapa Kamalondo ilikuwa ya watu wawili: yaya, yaani kaka yangu mkubwa, na mimi. Msumeno wa meza ulikuja na kinga yake ya chuma. Tuliifungua wiki ya kwanza kwa sababu ilichelewesha kazi, tukaitumia kuwekea misumari. Kwa misumari ilikuwa kinga nzuri sana.

Umeme ulikatika kila siku. Yaya, mtu wa taratibu, alizima swichi kila mara. Mimi niliiacha ilivyo, nikaenda kwa fundi cherehani wa jirani kubishana habari za mpira. Umeme ukirudi, msumeno wenyewe ulikuwa ukinguruma kuniita. Wenzangu walitumia redio kwa kazi hiyo. Yaya alinionya sana, nami nilimjibu kwamba msumeno hauna miguu ya kumfuata mtu. Mwishowe, ili anipumzishe, nilimwahidi kwamba nitakuwa nazima.

Ahadi hiyo ilikuwa ya asubuhi. Mchana umeme ulikatika ubao ukiwa nusu, meno yakasimama ndani ya mti, nami nikaenda zangu kwenye mpira. Yaya akarudi kutoka kupeleka viti Makomeno, akaona ubao umenasa, akaanza kuuchomoa. Swichi hakuitazama. Aliniamini.

Umeme ukarudi. Mtaa mzima ukashangilia, kama kawaida yetu, na mimi nikashangilia nao, mikono juu, yote miwili.

Yaya alipoteza vidole viwili vya mkono wa kushoto. Alikuwa akipiga gitaa kanisani kila Jumapili, na mkono wa kushoto ndio unaokandamiza nyuzi.

Hospitalini nilimwambia kwamba ni mimi niliyeacha swichi bila kuizima. Nililia, na sioni haya kulisema. 

"Nayua," alisema yaya kwa Kiswahili chetu cha nyumbani. "Lakini mama asiyue."

Siku hizi kinga iko mahali pake na misumari iko kwenye kopo. Gitaa liko juu ya kabati, limefunikwa kitambaa. Jumapili tukimaliza kula, mama hutushika mikono, anasali, na kila mara anaomba Mungu awasamehe watu wa umeme kwa vidole vya mwanawe. Mimi huitikia amina.