Nilivyoukalia Mji wa Zuhura

Jamani wasomaji, simsingizii shetani. Wivu ulikuwa wangu, na makalio yaliyobomoa mji wa watu yalikuwa yangu! Hata nikicheka, na bado nacheka, nilikosa.

Miaka ya sabini, pale Shinyanga, mimi na shoga yangu Zuhura tulianzisha mchezo nyuma ya duka la baba yake. Kila mwaka pamba ikishavunwa, tunaonyeshana vidude tulivyounda: basi la makopo, treni ya maboksi ya viberiti. Mwaka wa kwanza walikuja majirani wachache na mbuzi wao. Uliofuata wakaja watu wa Samuye na ng'ombe wa udongo wakivuta mikokoteni. Kisha akaja Idi, mchimbaji wa dhahabu kutoka Geita, na mgodi ndani ya karai, ndoo inapanda na kushuka kwa uzi. Vigelegele mpaka barabarani!

Idi ndiye aliyetuletea zimwi. Jioni, vidude vikishafungiwa stoo, analivaa: magunia, pembe za ng'ombe, meno ya bati. Watoto wanalia, mama zao wanalia zaidi, kisha wote wanadai lirudi!

Mwaka ule wa mkosi Zuhura alileta Shinyanga nzima juu ya meza. Stesheni, soko, msikiti, kinu cha pamba, hata uwanja wa Ibadakuli na kindege chake! Watu wakawa wanatafuta nyumba zao.

"Hii yangu! Hata ufa kauweka!"

Kibanda changu cha mabua hakuna aliyekigeukia. Idi, aliyekuwa amemchumbia Zuhura, hakubanduka pale, anautazama mji, anamtazama mwenye mji.

Roho ikaniuma. Idi alipojitenga kuswali alasiri peke yake nikanyata stoo, nikalivaa zimwi lake mchana kweupe, nikatoka nikinguruma.

Mayu, mama yangu! Watu walitawanyika kama kuku! Mzee mmoja mwenye kigugumizi cha miguu aliruka ua, fimbo akaiacha. Nikanogewa, nikaruka na kuzunguka. Mara gunia likateleza, matundu ya macho yakahamia kisogoni. Sioni! Nikajikwaa, nikakaa kitako katikati ya Shinyanga. Stesheni niliisikia ikipasuka chini yangu.

Nikapapasa mpaka stoo, nikavua, nikatokea mlango wa pili nikipiga kelele kuliko wote: "Nani huyo? Nani?"

"Si zimwi la Idi hilo?" mtu akajibu.

Idi akarudi akakuta Zuhura ameshika nusu ya msikiti.

"Umenivunjia, Idi. Mbele za watu!"

"Wallahi si mimi. Nilikuwa naswali."

"Na unakana!"

Na mimi nipo pale, namsaidia kuokota vipande vya stesheni!

Uchumba ukavunjika, Idi akarudi Geita. Pamba ikavunwa tena, hakuna aliyeleta hata kopo. Na muda wote huo mimi ndiye niliyekuwa nambembeleza Zuhura!

Siku moja nilimkuta anafagia ule uwanja mtupu. Ikanishinda.

"Shoga, aliyeukalia mji ni mimi."

Nikamweleza yote, mpaka macho kuhamia kisogoni. Alicheka mpaka akajishika ukutani. Kisha akalia, nami nikamfuta kwa kanga.

"Unanifuta machozi uliyonitia mwenyewe?"

"Nisamehe."

"Nimekusamehe. Sasa twende Geita, ukamwambie yeye."

Tukaenda. Nilimweleza Idi nikiwa nimeinama, yeye akasema, "Dada, nasikia ulinguruma kunishinda."

Wakaoana, na mchezo ukahamia Geita kwao. Kila mwaka Zuhura alituma mtu: "Mwambieni aje, ila akae mbali na meza!" Wasafiri walinisimulia mazimwi yenye mikia ya waya, na meli ya mabati iliyoelea kwenye beseni. Nilicheka nao. Lakini sikwenda. Aibu! Mara nasingizia shamba, mara malaria.

Mwanzoni mwa miaka ya themanini Idi na Zuhura wakahama mbali, mchezo ukafa. Sijamwona tena.

Nyie mnaonisoma, ukimkosea mtu, sema siku hiyohiyo. Na akikusamehe, akakuita, nenda! Chukua kikapu chako uende, hata kama watakucheka njia nzima. Mimi hakunifukuza mtu. Nilijifukuza mwenyewe, na vicheko vyote vile vikanipita.