Chuo Kinachovisha Mashine Maua

Picha ile niliiona mchana, tumekaa barazani kwetu Pasiansi, mjukuu wangu wa kike akinionyesha simu yake. Alikuwa amerudi likizo kutoka India, anakosomea uhandisi wa mitambo, na mwaka wa pili ulikuwa umekwisha. Anapitisha kidole: hapa bwenini, hapa bwalo la chakula, hawa rafiki zangu. Mara ikapita mashine ya kukerezea vyuma imevishwa maua ya njano shingoni, imepakwa alama nyekundu usoni, kama mashine ina uso. Pembeni amesimama yeye, mtoto niliyembeba mwenyewe kwenda kubatizwa, na alama ile ile kwenye paji la uso.

"Rudisha nyuma," nikamwambia.

"Ipi, babu?"

"Hiyo uliyoiruka haraka."

Kusema kweli hakuwa ameiruka haraka. Lakini mimi nikishaanza kumshuku mtu, hata akipiga chafya naona ana sababu.

Sasa ili mjue kwa nini nilishtuka, lazima niwapeleke Igogo kwanza, nikiwa kijana. Niliishia darasa la tatu, kwa hiyo kazi niliyopata ilikuwa kupaka grisi kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Vumbi la pamba lile msiliombe. Mpaka leo nikikohoa asubuhi nasema hii ni ya kiwandani. Fundi mkuu alikuwa Mhindi mfupi, mkimya, anayegusa mashine kwa mgongo wa kiganja kama mama anayepima homa ya mtoto. Basi kila mwaka, siku moja, alizima mashine zote. Anazivisha maua, anazipaka nyekundu, anasema maneno yake taratibu. Halafu anagawa ladu, vile vidonge vitamu vya mviringo vya unga na samli, kila mtu na chake.

Sisi tulipokea kwa mikono miwili, tukashukuru, tukatazamana. Mwenzangu mmoja wa Sengerema akaninong'oneza, "Leo zinakula. Kesho zitataka mtu." Na kweli, msimu ule ule jamaa mmoja alikatwa vidole na misumeno ya kuchambulia. Hakuna aliyekumbuka kwamba jamaa alikuja kazini ametoka kukesha ngomani. Tulisema mashine imedai chake. Ladu yangu sikuila hata mwaka mmoja. Nilikuwa naitupa ziwani nyuma ya kiwanda, kisha nasimama kidogo kuangalia kama kuna samaki atakayeibuka tumbo juu.

Kwa hiyo mnaelewa. Nikamwambia mjukuu aweke simu chini anieleze chuo hicho kilitoka wapi.

Akaeleza bila wasiwasi, na hilo nalo likanitia wasiwasi. Alisema zamani, enzi za Mwingereza, matajiri wenye viwanda vya nguo walijenga banda moja la mabati kufundisha vijana kutengeneza mashine za kusokota nyuzi. Wahindi walipopata uhuru wao, serikali ikalichukua, likawa chuo kikuu, maghorofa yakaota pande zote. Lakini banda bado lipo katikati, na ndani yake ipo mashine ya kwanza kabisa. Haifanyi kazi. Siku ya maua, hiyo ndiyo inayovishwa kwanza.

"Haifanyi kazi, lakini inavishwa?"

"Ndiyo, babu."

"Na viwanda hivyo vilikuwa vya pamba?"

"Vya pamba."

Marobota tuliyofunga Igogo, tuliambiwa yanakwenda Bombei. Pamba yetu ilikwenda, haikurudi. Sasa na mjukuu wangu amefuata njia ile ile.

Nikamuuliza wanaishi vipi huko. Dengu mchana, dengu jioni, alisema, na Jumapili dengu za rangi nyingine. Mwaka wa kwanza kila mwanafunzi alipewa kipande cha chuma na tupa, akisugue mpaka kiwe mraba kamili. Mwalimu anakiweka kwenye mwanga pamoja na kipimo chake. Mwanga ukipenya, rudia. Muhula mzima! Nikasema moyoni, mtoto amevuka bahari kwenda kusugua chuma? Kisha akasema kuna desturi ya bwenini, siku hizi imekatazwa ila chinichini bado ipo: mgeni wa mwaka wa kwanza hamtazami mkubwa usoni, anatazama kifungo cha tatu cha shati lake.

"Mtu asiyetaka kutazamwa usoni ana analoficha," nikasema.

"Mimi niliwaamkia shikamoo, babu. Wakauliza maana yake, wakaipenda. Sasa bweni zima wanaitikia marahaba."

Bibi yake, aliyekuwa anachambua dagaa kwenye ungo, akacheka. Mimi sikucheka. Baba wa mtoto huyu, mwanangu, ni marehemu, na neno la mwisho nyumbani ni langu. Tiketi ya kurudi ilikuwa ya wiki inayofuata. Nikalisema papo hapo:

"Hurudi huko."

Nilitegemea machozi. Hayakuja. Alikunja mikono, akaniangalia. Usoni, si kifungoni.

"Babu, mtumbwi wako wa uvuvi ulipoingizwa majini mara ya kwanza, nani alikuja?"

"Padri."

"Akafanya nini?"

"Akanyunyiza maji ya baraka. Mtumbwi na injini. Kuna ubaya?"

"Hakuna. Na padri alipoondoka, ukafanya nini?"

Nikageukia dagaa.

"Ulichinja kuku mweupe," akasema, "ukapaka damu kwenye pua ya mtumbwi."

"Nani kakwambia?"

"Babu! Mimi ndiye niliyeshika miguu ya kuku."

Bibi yake akaweka ungo chini, khanga ikamdondoka begani kwa kicheko. Nikawaambia ile ni mila. Mjukuu akauliza, na ile ya kwao ni nini? Nikasema ile ni... ile ni ya kwao. Hata mimi nilisikia jibu limechechemea.

"Mke mwenza, usijichoshe," bibi akamwambia, maana ndivyo wanavyoitana kwa utani. "Mume wetu huyu, mwezi wa kwanza wa ndoa, kila mchuzi alitaka nionje mimi kwanza."

"Chumvi," nikasema. "Nilikuwa naogopa chumvi."

"Chumvi gani mpaka kwenye maji ya kunywa?"

Mjukuu akaingia ndani, akatoka na boksi la karatasi alilokuja nalo, bado halijafunguliwa. Akafungua. Ladu. Zile zile, njano ile ile, harufu ile ile ya samli, utadhani fundi wa Igogo amezituma baada ya miaka yote hiyo. Akachukua moja, akaing'ata nusu, akatafuna huku ananiangalia, akameza, akanipa nusu iliyobaki.

Nikaipokea. Kwa mikono miwili. Kisha nikashuka uani, nikamvunjia kuku wetu mwekundu.

Kuku hana adabu, alimaliza yote. Nikavuta kigoda nikakaa kumtazama. Baadaye mjukuu naye akaja na kigoda chake, akakaa kando yangu.

"Kwa hiyo, babu, huyo kuku ndiye anaamua kama nitakuwa mhandisi?"

"Punguza sauti, usimshtue."

Hakuinuka. Ndipo nilipoona vidole vyake vinasokota pindo la gauni, vinasokota vinaachia. Mzaha ulikuwa mdomoni tu. Akaniambia taratibu kwamba chuma chake cha mwaka wa kwanza alikirudia mpaka viganja vikachubuka, na siku mwanga ulipokataa kupenya alitaka kunipigia simu, akaogopa nitasema nimempeleka kusugua chuma. Ni kweli ningesema.

Kuku alioga vumbi. Jua lilipokuwa kali akalala ubavu, akafumba jicho, akanyoosha mguu mmoja. Nikasimama. Mjukuu naye akasimama, ameshika mkono wangu kwa nguvu. Kuku akafumbua jicho, akatushangaa, akaendelea kulala. Jioni alipanda bandani kama kawaida.

Asubuhi, kabla ya misa, nilifungua banda. Alitoka wa kwanza, akaja moja kwa moja miguuni kwangu, ananidai nyingine.

Mjukuu alikuwa mlangoni, sijui kama alikuwa amelala.

"Nenda," nikamwambia. "Lakini hiyo rangi usipakwe tena."

"Hilo siwezi kukuahidi, babu. Siku ya maua tunasimama wote kupakwa."

"Basi unawe haraka."

"Nitanawa."

Bibi akaanza kumfungashia dagaa siku ile ile, asije akafa na dengu. Ladu zilizobaki walizimaliza wao wawili, wakinicheka. Mimi sikuonja. Kuku mmoja anatosha kumruhusu mtoto aende shule. Kumfanya mtu mzima ale, bado.