Faili la Mchumba wa Renatha

Mke wangu Alistidia anasimamia kompyuta za hospitali moja hapa Bukoba, na niwaambie mapema, ni mbishi. Mashine kuu pale inaendeshwa na mfumo uitwao Unix. Kila faili lina mwenyewe, lina kundi lake, halafu kuna watu wengine wote. Yeye ndiye anayepanga nani asome, nani aandike, nani asiguse kabisa. Madaktari wana kundi lao, maabara lao, mapokezi lao. Daktari mmoja alipochoka kuambiwa hana ruhusa, alitaka mafaili yote yafunguliwe kwa kila mtu, yaishe. Alistidia alikataa, akamwingiza kwenye kundi lililomfaa.

Lakini yupo mtumiaji mmoja asiyezuiwa na ruhusa yoyote, anaitwa root, na neno lake la siri analo mke wangu. Mama mkwe alilijua hilo. Mhaya gani atazaa binti wa namna hiyo asiulizie?

Alikuja kutoka Ngenge na mkungu wa ndizi, akala, akanywa chai, ndipo akatoa lililomleta. Renatha, mdogo wake Alistidia, amechumbiwa na Mujuni, kijana anayetibiwa hospitali ile. Ukoo wake umeshapelelezwa: si wachawi, si wavivu. Umebaki ugonjwa. Basi Alistidia afungue faili la kijana, atazame mara moja tu, nani atajua?

Alistidia alisema hapana. Mama alikasirika, na mimi sikumlaumu, maana aliwazika wadogo zake wawili miaka ile ya ukimwi.

"Unamlinda mtoto wa watu, mdogo wako unamwacha?"

"Waende wakapime pamoja, mama. Mujuni amwonyeshe Renatha majibu yeye mwenyewe."

Mama akasema kinga ni bora kuliko tiba, na kwamba shule imemharibu mwanawe. Mke wangu machozi yalimtoka, lakini hakubadili neno. Mimi nilitazama kikombe changu, mkwe hadakii maneno. Hatimaye mama alishusha sauti.

"Na langu? Si limo humo humo?"

"Limo."

"Umewahi kulisoma?"

"Sijawahi, mama."

Mama akajipangusa macho kwa ncha ya kitenge.

"Basi la kijana nalo liache."

Nilikuwa sijui kwamba mama mkwe anatibiwa pale. Anatibiwa nini, mpaka leo sijui, na mke wangu naye hajui.