Majaji Waliomkumbuka Muuza Wali

Mwaka ule wa korona, agizo lilitoka: asiyechanjwa asifungue biashara. Kong Phidalia, yaani Dada Phidalia kwa lugha yetu ya Kikhasi, aliyeuza wali wa nyama ya nguruwe sokoni Shillong, India, akafunga kibanda chake. Aliogopa sindano tangu mdogo wake alipofariki baada ya kudungwa, na hakuna aliyewahi kumweleza kilichomuua.

"Kong, chanjwa basi tule!" Bah Kyrmen, yaani Kaka Kyrmen, dereva wa teksi, alimtania. "Njaa itatumaliza kabla ya korona."

"Wewe si hodari? Nenda kadungwe hata sindano yangu!"

Phidalia alicheka, lakini nyumbani kwake sufuria zilishika vumbi.

Siku moja Bah Kyrmen akaja mbio. "Kong! Mahakama Kuu imesema mtu asinyimwe riziki kwa kuwa hajachanjwa. Serikali ielimishe watu, isiwalazimishe."

"Nani alishtaki?"

"Hakuna! Majaji wamelichukua suala hili wenyewe."

Phidalia akakaa chini. Watu wale wa majoho, ambao hawajaonja hata punje ya wali wake, walikuwa wameketi kumfikiria yeye!

"Kumbe sheria inanijua," alinong'ona. "Mimi, Bah! Mimi!"

Akafungua kibanda. Baadaye akaja muuguzi, akaketi kwenye benchi na kumjibu kila swali kwa Kikhasi, hata lile la mdogo wake. Asubuhi iliyofuata Phidalia alikwenda kuchanjwa bila kuburutwa na mtu, huku Bah Kyrmen akimcheka anavyotetemeka.